Tulipima Waya Kabla ya Kumhukumu Kijana

Katika Uwanda wa Makonde, pikipiki si pambo la vijana tena. Ndiyo inayomfikisha mjamzito hospitalini usiku, ndiyo inayopandisha madumu ya maji kutoka bondeni pale mabomba yanapokauka, na ndiyo inayopeleka habari za msiba vijijini mapema ili jamaa wawahi maziko. Anayeishi Tandahimba, Newala au Masasi anafahamu ya kuwa familia nyingi hutoa mapato ya msimu mzima wa korosho ili kupata chombo hicho kimoja. Kwa hiyo kinapougua, na hasa kinapougua maradhi ya umeme ambayo jicho haliyaoni, kinachotikisika nyumbani ni zaidi ya usafiri. Fedha hutoka, na nyuma ya fedha hufuata maneno: nani alikitumia, nani alikichezea, nani ameuza kifaa kizima akaweka kibovu.

Tumeona ni vema kuzielezea familia kadhia iliyotufika sisi wa kamati ya msikiti hapa Tandahimba, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yasiyotengana. La kwanza ni namna hitilafu ya umeme inavyotafutwa katika pikipiki ndogo ya zamani. La pili ni namna heshima ya kijana mmoja ilivyokaribia kupotea kwa ajili ya kipande cha waya kisichozidi urefu wa kiganja.

Hidaya ya mwezi Oktoba

Pikipiki yenyewe ni ya umbo la mashindano, yenye injini ya cc 150, na ilikwisha kutumika miaka mingi kabla ya kutufikia. Usukani wake umeinama, kiti kimegawanyika sehemu mbili, na mbele hadi ubavuni imevikwa kava za plastiki. Si chombo ambacho kamati ya msikiti ingekichagua dukani, na wazee wetu walicheka sana siku kilipoletwa. Lakini hidaya haichaguliwi. Muumini mmoja mwenye mashamba ya mikorosho aliitoa kwa ajili ya madrasa mwezi Oktoba, minada ya korosho ilipokuwa imeanza, baada ya yeye kujaaliwa kununua gari. Tukaiandika katika daftari la mali za msikiti, kisha tukamkabidhi kijana wa miaka 22 kazi ya kumpeleka ustadhi katika madrasa zetu za upande wa Kitama, Mihambwe na Nanhyanga.

Hitilafu zilianza Desemba, mvua ziliposhika. Asubuhi yenye ukungu, kitufe cha stata kikibonyezwa, ulisikika mlio mmoja mdogo tu, kisha kimya. Mchana wa siku hiyo hiyo pikipiki iliwaka bila taabu. Usiku taa kubwa ilififia ikawa kama kibatari, honi ikakoroma, na indiketa zikashindwa kumeta. Usiku mmoja, ustadhi akiwa nyuma, taa ilizimika kabisa katika barabara ya mchanga. Kijana akashika breki, chombo kikateleza, wakaanguka wote wawili. Ustadhi alinusurika na jeraha la goti. Lau kungekuwa na lori la korosho nyuma yao, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Fundi wa kwanza aliitazama kwa muda mfupi akasema ni betri. Ikanunuliwa betri mpya kwa Sh 48,000, nasi tulioshika kalamu ya kamati tukabandika stakabadhi katika daftari na kunakili namba iliyochapwa ubavuni mwa betri. Baada ya wiki tatu betri hiyo mpya ilikuwa imekwisha nguvu kama ile ya zamani. Fundi wa pili akasema ni rektifaya, yaani kile kifaa cha mapezi ya alumini kinachogeuza umeme wa magneti uwe wa kuchaji betri na kuuzuia usipite kiasi. Ikanunuliwa nyingine kwa Sh 27,000. Siku tisa baadaye hali ikarudi vile vile. Fundi wa tatu akasema koili za magneti zimeungua, zifumuliwe zote na kusukwa upya, na akataja Sh 85,000 mbali na ujira wake.

Maneno ya barazani

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ilisemwa barazani kwamba betri mpya haifi ndani ya wiki tatu, bali mtu ameiuza akaweka mbovu mahali pake. Jina halikutajwa, lakini ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, na kila aliyesikia alijua anayekusudiwa. Kijana huyo alikuwa amepeleka posa kwa familia moja ya Mahuta. Majibu yaliyokuwa yatarajiwe ndani ya wiki yakaanza kuahirishwa, mara mjomba hayupo, mara shangazi anaumwa. Mama yake alitufikia akiwa na kanga usoni. Hakuomba mwanawe aachiwe; aliomba tu kama ameiba ithibitike, na kama hakuiba ithibitike pia.

Katika kikao cha kamati, mzee mmoja alitaka kijana avuliwe ufunguo na alipishwe betri. Mwingine akauliza swali moja: “Ni nani kati yetu aliyeiona hiyo betri nzima ikiwa kwa mtu mwingine?” Hakuna aliyejibu. Likafunguliwa daftari, tukatoka na tochi, kiti kikainuliwa, na namba iliyokuwa ubavuni mwa betri ikasomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Ilikuwa ile ile iliyonakiliwa siku ya kununuliwa. Betri haikubadilishwa.

Hata hivyo dhana haina haya. Usiku ule ule ilihama mahali: basi kama hakuiuza, ameiua kwa kuchajia simu za wenzake. Tukatambua kwamba kuondoa tuhuma moja hakutoshi; ilibidi chanzo chenyewe kionekane kwa macho. Dini yetu imetuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na amri hiyo haikubagua baina ya habari inayoletwa na ulimi na ile inayoletwa na pikipiki. Kikao kikaazimia mambo mawili: hakuna shilingi itakayotoka katika mfuko wa madrasa kwa ajili ya kifaa kingine, wala hakuna neno litakalosemwa juu ya kijana, mpaka vipimo vipatikane na viandikwe.

Fundi redio na mita yake

Tulimwendea fundi redio mmoja wa sokoni, mtu wa makamo, ambaye mezani pake kuna mita ya umeme ya mkononi. Alikataa kwanza. Alisema, “Mashekhe wangu, mimi pikipiki sizijui. Umeme ndio ninaoujua.” Tukamwambia kwamba ndicho hasa tunachokitafuta.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kushika spana. Alimkalisha kijana kwenye kigoda akamwambia, “Mdogo wangu, wewe ndiye unayeipanda. Nieleze, inaanzaje?” Katika mafundi watatu waliotangulia hakuna aliyewahi kumuuliza. Kijana akaeleza kwa utaratibu: taa hufifia zaidi akipita kwenye mashimo kuliko akipunguza mafuta, asubuhi ya ukungu ni mbaya kuliko mchana wa jua, na katika safari ndefu huhisi joto chini ya paja la kushoto, na mara mbili alinusa plastiki inayoungua. Fundi akatabasamu. Akasema kitu kinachobadilika kwa shimo na kwa unyevu aghalabu si kifaa kilichoungua, kwa kuwa kilichoungua huwa kimeungua siku zote. Kinachokuja na kuondoka ni kiungo kilicholegea au kilichochafuka.

Kisha akatufafanulia kwa mfano ambao mtu wa Makonde haupati kwa shida. Umeme, alisema, ni kama maji ya bomba. Tangi laweza kujaa juu kilimani, na bado ndoo ya kwenye kituo ikajaa tone kwa tone iwapo bomba limeziba njiani. Anayebadilisha tangi hajatibu kitu, na anayebadilisha ndoo hajatibu kitu. Volti ni msukumo wa maji yale. Kila mahali palipoziba hula sehemu ya msukumo huo. Kanuni ya jambo hili iliandikwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, na inafanya kazi Tandahimba kama inavyofanya kazi kwao. Taa ya wati 36 katika pikipiki ya volti 12 hutumia ampia 3, na ukinzani wake ni omu 4. Ikitokea kiungo kimoja kichafu njiani kikawa na ukinzani wa omu 1 tu, basi kiungo hicho hujichukulia sehemu moja kati ya tano za msukumo wote. Taa hubakiwa na volti 9.6, na mwanga wake hushuka kutoka wati 36 hadi wati 23. Hakuna kilichoungua, hakuna kilichoibiwa, na bado mpanda pikipiki haoni mbele.

Vipimo vilivyoandikwa

Tukakaa na kalamu, naye akapima. Tunavileta vipimo hivi kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio uliokuwa dawa.

Kwanza, betri ikiwa imelala usiku mzima bila kuguswa ilionyesha volti 12.1. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikipumzika, huonyesha kati ya 12.6 na 12.8. Kwa hiyo ilikuwa na njaa. Akaichaji kwa chaja ya nje usiku kucha, ikafika 12.7 na ikakaa hapo siku nzima. Betri inayohifadhi chaji kiasi hicho bado haijafa. Imenyimwa chakula tu.

Pili, akapima nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili za magneti, mbili mbili kwa zamu, injini ikizungushwa. Jozi zote tatu zilipanda kwa usawa, na hakuna waya uliogusana na mwili wa injini. Koili zile zilizotajiwa Sh 85,000 zilikuwa salama kabisa.

Tatu, akapima volti pale pale zinapotoka kwenye rektifaya, injini ikiwa kwenye mizunguko takriban 5,000 kwa dakika: 14.3. Hicho ni kipimo kizuri, kwani mfumo wenye afya huchaji kati ya volti 13.5 na 14.8. Bila kupunguza mafuta akahamisha ncha za mita hadi kwenye nguzo za betri: 12.7. Tukatazamana. Kutoka rektifaya hadi betri hakuna hatua moja ya mguu, na katika hatua hiyo zilikuwa zimepotea volti 1.6.

Nne, akatafuta zilipopotelea. Kwa kawaida mtu huweka ncha moja ya mita kwenye chanya na nyingine kwenye hasi. Yeye aliweka ncha zote mbili upande mmoja wa njia: moja mwanzo wa waya mwekundu na nyingine mwisho wake. Njia ikiwa safi mita huonyesha karibu na sifuri. Hii ilionyesha 1.3. Akahamia upande wa hasi, ncha moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini: 0.3. Hiyo huonekana ndogo, lakini alipombwambia kijana abonyeze stata, ambayo hunywa umeme mwingi mara moja, ile 0.3 ikaruka hadi 2.4. Ndiyo sababu ya ule mlio mmoja wa asubuhi: stata ilikuwa ikinyang'anywa nguvu njiani kabla ya kuzunguka.

Weusi chini ya tepu

Pikipiki ya umbo hili huficha nyaya zake. Ile ya kawaida ya bodaboda fundi hufungua skrubu mbili akaona karibu kila kitu. Hii huhitaji kuvua kava moja baada ya nyingine, na tunadhani ndiyo sababu watu hupendelea kubadilisha kifaa kinachofikika kuliko kuufuata waya mpaka mwisho. Kava ya kushoto ilipotoka, ikaonekana soketi ya plastiki ya waya wa kuchaji, pale pale kijana alipokuwa akihisi joto. Ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Karibu yake, bolti ya waya wa athi kwenye fremu ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi ya zamani ambayo gundi yake ilikwisha kauka na kuwa unga.

Fundi alipoifumua tepu hiyo, shaba ya ndani haikuwa nyekundu wala haikuwa na kutu ya kijani iliyozoeleka kwenye unyevu na asidi. Ilikuwa nyeusi tititi. Na katika mikunjo ya soketi kulikuwa na unga wa manjano. Akaupaka kidoleni, akaunusa, kisha akatuinulia kidole bila kusema. Hakuna mtu aliyezaliwa katika wilaya hii asiyeijua harufu ile. Ilikuwa salfa.

Wasomaji wetu wa mbali wajue kwamba mikorosho yetu husumbuliwa na ubwiriunga, na dawa yake kubwa tangu miaka mingi ni unga wa salfa unaopulizwa miti inapochanua, kuanzia Juni kuelekea Septemba. Miezi hiyo mifuko ya salfa husafirishwa kwa kila chombo, na pikipiki huibeba nyuma ya kiti. Unga huo ni mwepesi, hupenya kila upenyo, na ukikutana na shaba huila polepole na kuifanya kuwa kitu cheusi kisichopitisha umeme vizuri. Ukungu na mvua vikija juu yake, kazi huongezeka kasi. Kiungo kikichafuka hupata joto, joto huyeyusha plastiki, plastiki ikilegea kiungo huzidi kuchafuka. Betri nayo inayochajiwa nusu kila siku huota chumvi ngumu ya risasi katika mabamba yake, na ikiachwa hivyo hufa hata ikiwa ya jana. Teknolojia ya betri hii ni ya Mfaransa Gaston Planté tangu mwaka 1859, na tabia yake ya kuchukia njaa haijabadilika.

Sasa msomaji apige hesabu kama tulivyoipiga sisi. Pikipiki ilitufikia Oktoba, msimu wa kupuliza ukiwa umekwisha. Tangu ikabidhiwe kwa kijana haikubeba hata mfuko mmoja wa salfa. Weusi ule ulikuwa chini ya tepu iliyofungwa miaka ya nyuma na mkono mwingine. Aliyetupa hidaya naye hana lawama. Alikuwa mkulima akifanya kazi ya ukulima, na hakuna aliyemwambia kwamba dawa ya mikorosho huula waya. Kalenda ya korosho ndiyo iliyokuwa shahidi wa kijana wetu, na haikuwezekana kuihonga.

Matengenezo yalichukua alasiri moja. Shaba nyeusi ilikatwa mpaka ikapatikana nyekundu, soketi iliyoyeyuka ikatupwa na nyaya zake zikalehemiwa na kufunikwa vizuri, fremu ikasuguliwa kwa msasa chini ya bolti mpaka chuma kikang'aa, ukaongezwa waya mpya mnene wa athi kutoka nguzo hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini, na viungo vyote vikapakwa grisi kuzuia unyevu. Vifaa vilikuwa Sh 9,500 na ujira Sh 10,000. Kisha vipimo vikarudiwa na kuandikwa upande wa pili wa ukurasa ule ule: volti kwenye betri injini ikizunguka, 14.1, upotevu wa athi stata ikibonyezwa, 0.2. Betri ile ile iliyodaiwa kuuzwa ndiyo inayowasha pikipiki hadi leo.

Kumrudishia mtu heshima yake

Kumsafisha mtu kwa faragha baada ya kuchafuliwa hadharani ni nusu ya haki. Kwa hiyo kamati iliamua habari hii isomwe baada ya swala ya Ijumaa, mahali pale pale ilipoanzia minong'ono, pamoja na vipimo vyake, na ile soketi iliyoyeyuka ikapitishwa mkono kwa mkono. Yule mzee aliyetaka kijana alipishwe betri ndiye aliyeishika kwa muda mrefu zaidi. Kisha akamwita kijana, akamwambia mbele ya watu, “Mwanangu, nisamehe.” Kijana akainama akamshika mkono, akasema, “Yamekwisha, babu.” Mama yake alikuwa upande wa akina mama, tuliambiwa kwamba alilia. Wiki mbili baadaye jibu lilitoka Mahuta, nalo lilikuwa jibu la heri.

Nasaha kwa familia zenye pikipiki

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako kuna chombo cha namna hii, na huenda kuna kijana anayekitumia. Tunakuusia haya machache.

Pikipiki ikisumbua umeme, muulize kwanza anayeipanda, na umsikilize mpaka amalize. Hitilafu huja lini, kwa mvua au kwa jua, kwenye mashimo au kwenye lami, na ni kitu gani hufifia mwanzo? Majibu hayo ni nusu ya matibabu.

Usinunue kifaa kwa kukisia. Mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha kabla na cha baada. Betri ikipumzika, betri ikichajiwa, na upotevu wa njia upande wa chanya na wa hasi: vipimo hivi vinne havichukui nusu saa.

Anza na vilivyo rahisi. Kaza nguzo za betri, tazama fyuzi, safisha athi. Katika pikipiki za umbo la mashindano kumbuka pia swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, swichi ya klachi na ile ya stendi ya pembeni. Vumbi likiingia humo pikipiki hugoma ilhali haina ugonjwa. Tazama na nyaya zinazopita shingoni mwa usukani, kwani hupinda kila unapokata kona na hukatika ndani bila ganda kuonyesha dalili.

Fyuzi ikiungua usiweke waya wala karatasi ya fedha mahali pake. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili chombo kisiungue, na tenki la petroli liko juu tu ya nyaya hizo. Usifunge balbu kubwa kuliko ya asili wala mataa ya ziada, maana koili za magneti katika injini ndogo zina kiasi chake. Wala usichomoe betri injini ikiwa inazunguka. Umeme hupanda ghafla na kuua rektifaya na vifaa vya kuwashia plagi.

Unapofungua betri anza na waya hasi, na unapofunga malizia na hasi. Ichaji mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na watoto, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka na ndani yake mna asidi inayounguza macho.

Na kwa ndugu zetu wa mikorosho: mfuko wa salfa ukibebwa kwa pikipiki ufungwe ndani ya turubai, na msimu ukiisha kiti kifunguliwe, vumbi lifutwe kwa brashi kavu kabla ya mvua ya kwanza, viungo vipakwe grisi. Mashine ya kuoshea yenye msukumo mkubwa isielekezwe chini ya kiti wala kwenye soketi.

Kamati yetu imeongeza kanuni mbili katika daftari lake. Hakuna kifaa cha umeme kitakachonunuliwa kwa fedha za msikiti bila vipimo viwili vilivyoandikwa. Na hakuna mtumishi wa msikiti atakayezungumzwa kwa kosa la mali kabla mali yenyewe haijakaguliwa mbele ya mashahidi. Imenunuliwa pia mita ya mkononi kwa Sh 18,000, nayo imeorodheshwa miongoni mwa mali za msikiti. Muumini yeyote mwenye pikipiki inayosumbua anaweza kuiazima baada ya swala ya alasiri. Anayeitunza, na anayemfundisha kila mwazimaji namna ya kuisoma, ni kijana yule yule.